Je, mtu anaweza kukataa kupumbazwa akili?

SWALI: Katika sherehe moja hapa Tanga, mtumbuizaji alimwita mdogo wangu wa kike jukwaani, akamtaka afumbate vidole vya mikono yote miwili na kuikazia macho pete yake, kisha akamwambia kuwa vidole vimegandana. Mdogo wangu alivuta hadi machozi yakamlengalenga, vidole visiachane. Sasa anahofia kwamba mtu yule anaweza kumtawala hata wakikutana sokoni. Je, mtu anaweza kujizuia asipumbazwe? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mpe pole mdogo wako, na umhakikishie kuwa anaweza. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita hipnosisi, si nguvu inayotoka machoni mwa mtu mmoja na kumwingia mwingine. James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester aliyeandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1843, alimtaka rafiki yake akazie macho shingo ya chupa ya mvinyo, na mkewe akazie macho bakuli la sukari. Wote wawili walilemewa na usingizi, ilhali chupa na bakuli haviwezi kumroga mtu. Braid alisisitiza kuwa hakuna anayeingia katika hali hiyo pasipo kuridhia mwenyewe.

Ni kweli kwamba hatulingani. Kipimo kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 kina majaribio 12, na mojawapo ni hilohilo la vidole kugandana. Wapo wanaoyaitikia karibu yote, na wapo wasiohisi lolote hata wakijitahidi. Kuitikia upesi si dalili ya akili dhaifu, bali ni kipaji cha kuzama katika jambo, kama mtu anayesikiliza hadithi hadi asisikie akiitwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jukwaa lenyewe. Mwaka 1965 watafiti Martin Orne na Frederick Evans waliwaagiza watu waliopumbazwa watoe sarafu ndani ya tindikali kwa mkono mtupu, na karibu wote walitii. Lakini wenzao walioambiwa waigize tu kuwa wamepumbazwa walitii vilevile, kwa kuwa waliamini kwamba mtafiti asingewaacha wadhurike. Kilichowasukuma ni imani kwa mwenye mamlaka, na naamini mdogo wako naye, mbele ya ukumbi mzima uliokuwa ukimtazama, aliona haya kumwangusha mwenyeji wake.

Kwa hiyo akiitwa tena ana haki ya kubaki kitini. Na akijikuta jukwaani, aondoe macho kwenye pete, aseme kwa sauti kwamba hataki, kisha ashuke. Kuhusu sokoni, asipomsikiliza mtu huyo na kuyafuata maneno yake kwa hiari, hakuna kitakachompata. Mwambie afumbate vidole vyake sasa hivi mbele yako, kisha aviachanishe.