Usimkaripie mbwa anayenguruma

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu mbwa ni hili: nifanyeje ili aache kunguruma? Jibu langu huwakera wengi, kwa sababu huwaambia wasimzuie. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeonya bado anajitahidi asiume. Ukimfokea au kumchapa kila anaponguruma, hofu iliyomfanya angurume inabaki palepale. Kinachokwisha ni onyo. Kisha siku moja anauma, na watu wanasema ameuma ghafla, hakuonyesha dalili yoyote.

Dalili huwa zipo, tena huanza mapema kabla ya mngurumo. Mbwa asiyetaka kuguswa hugeuza kichwa pembeni. Hulamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hukaza mwili na kubana mdomo. Ukiona anakutazama kwa pembe huku weupe wa jicho umejitokeza kama hilali, rudi nyuma. Mkia ndio unaowapotosha watu zaidi. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika harakaharaka, ni wa mbwa aliyepandwa na jazba, naye anaweza kuuma huku bado ukitikisika. Mwenye furaha hutikisa mpaka kiuno, mwili wote ukiwa umelegea. Mimi huwafundisha watoto haya kwanza, kabla sijawaruhusu kumgusa mbwa yeyote, na huwakataza kabisa kumkumbatia shingoni. Mbwa wengi hawapendi jambo hilo, huvumilia tu.

Basi ufanye nini anaponguruma? Ondoa kinachomtisha, au umsogeze mbali nacho, halafu umbadilishie maana yake polepole. Niliwahi kumchukua mbwa akiwa tayari mkubwa, na alikuwa akinguruma kila mtu alipokaribia bakuli lake. Sikumnyang'anya bakuli. Nilikuwa napita mbali, pale ambapo bado alikuwa anakula kwa utulivu, namrushia kipande cha nyama kitamu kuliko chakula chake, kisha naenda zangu. Alipoanza kuinua kichwa na kunisubiri, ndipo niliposogea kidogo. Akikaza mwili tu, narudi nilipokuwa jana yake. Ni kazi ya taratibu inayohitaji nyumba nzima kufuata utaratibu mmoja, lakini ilifika siku hatua zangu zikawa habari njema kwake. Kama mbwa ameshauma mtu, au kuna watoto wadogo nyumbani, usijaribu peke yako. Tafuta mkufunzi asiyetumia kipigo.

Utawasikia wanaosema mbwa wa namna hiyo anataka ubwana, kwa hiyo umlaze chali mpaka anyamaze. Fikra hiyo inatokana na maandishi ya mwaka 1947 ya mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel, aliyechunguza mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyeisambaza fikra hiyo mwaka 1970, ndiye huyo huyo aliyekuja kuisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini: kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, hakuna mapambano ya kugombea kiti. Kumlaza mbwa mwenye hofu chali ni kumwongezea hofu, na uso wako uko karibu na meno yake.

Hata ule uso wa "najua nimekosa" tunausoma vibaya. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alionyesha mwaka 2009 kwamba mbwa huuweka wanapokaripiwa, wawe wamekula chakula walichokatazwa au hawakukigusa. Wanatuliza hasira zetu. Ndiyo maana adhabu ya baada ya saa nzima haimfundishi chochote. Hata zawadi inapaswa kumfikia papo hapo, kabla hajaanza tendo jingine.

Wenye mbwa wa ulinzi huniambia haya ni ya mbwa wa kubebwa. Sikubali hata kidogo. Mbwa aliyelelewa kwa mnyororo na fimbo hubwekea upepo, mgeni na mwenye nyumba vilevile, na mlinzi asiyetofautisha hana faida. Ukitaka mlinzi mwenye akili, anza kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi za maisha yake: akutane na watu wa kila aina, magari, kelele na wanyama wengine, bila kulazimishwa, huku ukizingatia chanjo zake. Mbwa wanaonusa mabomu hufanya kazi hiyo wakitafuta mpira watakaochezewa. Wanaoongoza wasioona hufundishwa hata kukataa amri: akiambiwa asonge mbele na gari linakuja, husimama. Mbwa aliyezoeshwa kuogopa mkono wa bwana wake hathubutu kufanya hivyo.

Kuna jambo moja la haraka. Mbwa mpole akianza kunguruma pasipo kawaida yake, hasa mzee, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kufikiria mafunzo. Nyonga, meno na masikio huumiza bila kuonekana. Mweleze daktari ni sehemu gani ukigusa ndipo ananguruma, ni wakati gani wa siku, na kama hufanya hivyo akiwa amelala au anapoinuka.