Riveba inameza maneno ya kwaya

Ndugu wa Moshi, nimekuelewa: kwaya yenu inaimba kwa mapigo 80 kwa dakika, kwenye riveba (programu inayoongeza mwangwi wa ukumbi) umeweka sampuli ya mwangwi wa kanisa kubwa yenye mkia, yaani mvumo unaobaki baada ya sauti, wa sekunde 4.5, na maneno hayasikiki. Pigo moja hapo ni milisekunde 750, mapigo manne ni sekunde 3. Mstari wa pili unaanza huku wa kwanza bado unavuma.

Usikate mkia ghafla, utasikika umekatika. Tumia kitelezi cha muda wa kufifia, ushuke hadi sekunde 2 hivi. Kufupisha ni salama, maana programu inapunguza tu nguvu ya sampuli taratibu. Kurefusha ndiko hatari: sampuli ikivutwa sana, rangi ya ukumbi hubadilika na huanza kulia kama bati. Heri kutafuta sampuli nyingine.

Kisha chelewesha mwangwi milisekunde 30 ili konsonanti zitangulie, na ukate besi chini ya hezi 200 kwenye chaneli ya riveba tu.

Lakini kama mlirekodia kanisani penye mwangwi, hakuna kitufe kitakachouondoa wote. Rudieni kurekodi kwenye chumba chenye mapazia mazito, au mpelekeeni fundi wa studio hapo Moshi au Arusha traki ghafi (rekodi ambazo hazijatiwa riveba) azisikilize kabla hamjalipia masteringi, yaani usafishaji wa mwisho wa wimbo.