Ukienda kukagua chuo kabla ya kuomba, usiishie getini

Wengi wanaotembelea chuo kabla ya kutuma maombi hurudi na picha. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamepiga mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ule wa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Sokoine, chuo cha kilimo Morogoro, wamepiga milima ya Uluguru ikiwa nyuma yao. Sawa, lakini Nkrumah utaingia mara chache tu. Idarani utashinda miaka mitatu, minne. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), chagua kozi mbili au tatu ambazo tahasusi yako (mchepuo wa masomo ya kidato cha sita) inazigusa, na ukague kozi hizo.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei, muda si mrefu JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) inaita, matokeo yanatoka Julai. Ukingoja Agosti utakuta madarasa yamefungwa na wanafunzi wametawanyika, wengine field, yaani mafunzo kwa vitendo, wengine makwao. Bora mwanzoni mwa Desemba shule zikifunga, au zile siku chache kati ya mtihani na JKT. Maonyesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja yanafaa kuuliza sifa za kujiunga na ada, ila mezani pale kila chuo ni kizuri.

Nenda katikati ya wiki, ufike saa 2 asubuhi. Beba kitambulisho cha shule au namba ya NIDA, vaa kwa heshima, na mlinzi akikuuliza taja idara unayokwenda. Anayejibu "natembea tu" hurudishwa.

Ukifika idarani, usikimbilie ofisi. Simama dakika kumi mbele ya ubao wa matangazo. Soma ratiba: kama mwaka wa kwanza wana kipindi saa 1 asubuhi na kingine saa 11 jioni, anayekaa mbali atalia na nauli. Angalia majina ya wahadhiri. Jina moja likibeba masomo manne, jua watu ni wachache. Ukiona practical ya somo moja imegawiwa makundi mpaka herufi H, vifaa havitoshi. Kama kuna matokeo yamebandikwa kwa namba za usajili, hesabu sapu (mitihani ya kurudia) ziko kwenye somo gani.

Kisha maabara. Mkuu wa idara atakupa hotuba, kwa hiyo muulize fundi sanifu: "Wanafunzi wangapi kwa hadubini moja?" Wakiwa wanane, wawili wanafanya na sita wananakili. Kwenye karakana sogea hadi kwenye mashine ya kukerezea chuma. Mashine inayotumika ina mafuta mabichi na vipande vya chuma chini yake. Iliyolala ina vumbi, mara nyingine hata waya wa umeme umezungushwa ukafungwa.

Wa kuuliza ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa kwanza bado ana furaha ya kuchaguliwa, wa mwisho mawazo yako kwenye ajira. Usimuulize kama chuo ni kizuri. Muulize walianza wangapi na sasa wako wangapi, nani alidisco, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, na kwa somo gani, na field walitafutiwa au kila mtu alihangaika mwenyewe.

Malazi nayo yana lugha yake. Ofisini utaambiwa "hosteli zipo". Uliza wanafunzi kama kuna kubebana, yaani watu wawili kitanda kimoja. Ukiona ndoo na madumu yamepangwa koridoni, hilo ndilo jibu la swali la maji. Na ukilazimika kupanga gheto mtaani, uliza kodi inalipwa miezi mingapi kwa mkupuo, kwa sababu bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) huja kwa awamu na mwenye nyumba hasubiri awamu.

Hakikisha pia uko kampasi sahihi. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndaki zake (vitivyo) zimeachana. Aliyefika jengo la utawala hajaona anakosomea mtu wa kompyuta. Mzumbe kampasi kuu haiko Morogoro mjini, iko mbele kwenye barabara ya Iringa. Muhimbili ina Upanga na Mloganzila. Popote utakapokuwa, tembea kwa miguu kutoka hosteli hadi darasani huku simu ikihesabu dakika.

Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, anayetoka Dar anaweza kwenda Sokoine na kurudi siku hiyohiyo. Usibane na Mzumbe humo humo: saa 7 watu wanakwenda kula, saa 9 na nusu ofisi zinafungwa, na utaishia kuona milango.

Usipopata nafasi, mtume kaka, dada au binamu anayeishi karibu, akiwa na maswali hayahaya kwenye karatasi, na akupigie video akiwa mbele ya ule ubao.