Shangazi, nikikataa zamu ya usiku watanikatia posho?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Naishi Uingereza na nina ukaazi wa kudumu. Baba yao tumeachana. Kwetu Mombasa nilifanya kazi ya maabara ya hospitali kwa miaka minane. Hapa nilikuwa nahudumia wazee, mkataba ukaisha Januari, na tangu hapo napokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo. Nimeomba kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili watu wa maabara, na bado nasubiri jibu.*

*Wiki za mwanzo mshauri wangu wa ofisi ya ajira aliniacha nitafute kazi za maabara. Sasa anasema muda umekwisha, nichukue chochote. Ameniwekea usaili Alhamisi ijayo: kufungasha mizigo ghalani, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kufika huko ni mabasi mawili. Nilipouliza watoto nitamwachia nani, alisema hilo nilitatue mwenyewe, na nikikataa posho itakatwa. Dada yangu aliye Mombasa ananiambia nishukuru, kwani huko mtu akikosa kazi hakuna anayemlipa hata shilingi. Nimeanza kujiona mvivu. Nifanyeje?*

*Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Alhamisi yako isingeweza kulisubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile barua ilipofika. Nachapisha hapa niliyokuambia, kwa idhini yako, kwa sababu barua za namna hii sasa nazipata kila mwezi.

Nianze na huo uvivu. Mtu aliyewaosha wazee wa watu mchana, akarudi kuwapikia wanawe, kisha akakaa usiku kujaza fomu za HCPC, si mvivu. Dada yako naye hasemi kwa ubaya, anapima kwa kipimo cha nyumbani. Lakini posho hii ni haki iliyowekwa na sheria, nawe umefanya kazi na kulipa kodi katika nchi hiyo. Usiende Alhamisi kama mtu anayeomba msamaha.

Mshauri wako ana ukweli nusu. Zamani mtu mwenye fani aliweza kupewa hadi miezi mitatu ya kutafuta kazi za fani yake tu. Februari 2022 serikali ilipunguza muda huo ukawa wiki nne. Mimi naona ule uamuzi ulikuwa mbaya. Wiki nne hazimtoshi mtu wa maabara, kwa kuwa tangazo, usaili na kukaguliwa vyeti huchukua zaidi ya hapo, na hospitali inayomhitaji inamkosa huku anafunga maboksi. Lakini ndiyo kanuni iliyopo, na mshauri akikuambia upanue utafutaji wako, hapo hajavunja kitu.

Nusu aliyoiacha ni watoto wako. Mzazi anayelea mtoto wa miaka 3 hadi 12 hatakiwi saa 35 za kawaida kwa wiki za kufanya au kutafuta kazi. Kiwango cha juu kwake ni saa 30 kwa wiki, na hata hizo lazima zilingane na majukumu yake ya kulea, pamoja na muda wa kuwapeleka shule na kuwarudisha. Hayo yanapaswa kuandikwa kwenye ile hati ya ahadi uliyoikubali ulipoanza kudai. Nilikuuliza kwenye simu hati yako inasemaje. Ulinyamaza, kisha ukasema, "Shangazi, nilibonyeza kukubali tu." Wengi hufanya hivyo. Fungua uisome leo. Ikiwa imeandikwa saa 35 na wakati wowote, basi tatizo lako lilianza hapo, kabla ya ghala.

Kwa hiyo kabla ya Alhamisi andika kwenye shajara ya mtandaoni, ile ile mnayowasiliana nayo, uombe hati ibadilishwe. Andika umri wa watoto, saa ya shule kufungua na kufunga, kwamba hakuna mtu mzima mwingine nyumbani, majina ya walezi uliowauliza kuhusu usiku na walivyokujibu. Weka picha ya ratiba ya basi. Safari yenyewe haitakuokoa, kwa kuwa kawaida wanakubali hadi dakika 90 kwenda na dakika 90 kurudi, nawe kwenye simu umesema ni saa moja na robo. Ila basi la kwanza la asubuhi linakufikisha nyumbani saa ngapi, na watoto wanaamkia mikononi mwa nani? Hilo ndilo la kuandika.

Nasisitiza maandishi kwa sababu yalinipata. Mwaka 2016 niliambiwa nikasafishe jikoni kuanzia saa kumi alfajiri, upande wa pili wa mji. Nilimweleza afisa kwa mdomo kwamba hakuna basi la kunifikisha saa hiyo. Akatikisa kichwa kama aliyenielewa, nami nikaenda zangu. Baada ya siku kumi barua ikaja: nimekataa kazi, nimekatwa wiki 13. Nilikula chakula cha msaada wa kanisa la jirani, mimi niliyekuwa nikipeleka mchango pale. Niliomba uamuzi uangaliwe upya, wakaukataa. Nikakata rufaa. Jaji aliniuliza swali moja tu la maana: uliandika wapi? Nilikuwa na daftari la shule la mwanangu, nimeandika tarehe na maneno ya yule afisa ukurasa wa nyuma. Fedha zilirudishwa, lakini deni la kodi ya nyumba lilikuwa limeshanifuata, nikalilipa miaka miwili.

Usaili wenyewe nenda, usiukose. Kutokwenda ni kosa jingine, na utawapa sababu rahisi. Ukifika waulize kama wana zamu ya mchana ya saa za shule. Wakiwa nayo, nakusihi uifikirie kwa moyo mweupe. Kwa mwenye watoto anayesaidiwa kodi ya nyumba, kwa viwango vya Aprili 2025, pauni 411 za kwanza za mshahara wa mwezi haziguswi, na kila pauni inayozidi hapo posho hupungua senti 55. Kufunga maboksi mchana hakufuti miaka yako minane ya maabara. Lakini usiingie ukidhani utajaribu wiki mbili uache. Kuacha kazi bila sababu nzuri kuna adhabu ile ile ya kuikataa.

Na adhabu hiyo si ndogo. Mara ya kwanza ni siku 91, ikirudiwa ndani ya mwaka ni siku 182. Kabla ya Novemba 2019 iliweza kufika miaka mitatu! Inakata posho ya msingi, ile ya pauni 400.14 kwa mwezi kwa mtu mmoja mwenye miaka 25 na zaidi kwa viwango hivyo hivyo vya 2025. Fungu la watoto na la kodi ya nyumba halikatwi. Wakikukata, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha mwezi mwingine kukata rufaa baada ya jibu lao. Katikati unaweza kuomba malipo ya dhiki, ila ni mkopo, watayakata baadaye. Nenda Citizens Advice, shirika linalowashauri watu kuhusu haki zao, na hati zako zote, huduma yao ni bure.

Wasomaji wengine ambao viza zenu zimeandikwa kwamba hamruhusiwi fedha za umma, majibu haya si yenu. Msidai kwa kufuata ukurasa huu kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji.

Mama wa Wawili alinipigia Ijumaa. Alikwenda ghalani, na wakamwambia usiku ndio zamu pekee. Jioni hiyo hiyo aliyaandika hayo kwenye shajara, na mshauri akamwita Jumatatu wakapitie hati upya. Nimemwambia aende na daftari, na aombe kazi za usaidizi wa maabara ziingizwe kwenye orodha yake, kwa kuwa nyingi hazihitaji usajili wa HCPC.