Mtafute Mnunuzi kwa Jina Lake, na Saa za Mtoto Zitaje Mapema

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Mwanza ameniandikia inbox. Ana mtoto wa miezi minne, anasaga karanga na kuzifungasha kwenye chupa, na kila akiposti anapata kopakopa na "hongera mama" nyingi, ila pesa haoni. Akaniuliza: "Dada, wateja wakubwa unawatoa wapi? Na mtoto unamwacha na nani?" Swali hilo limenifuata tangu nilipotangaza kwamba hoteli moja ya Zanzibar inachukua viungo vyangu kila mwezi. Naam, Zanzibar, kisiwa cha karafuu, wanachukua iliki na mdalasini kutoka kwangu Tegeta, Dar es Salaam! Najivunia, na sitaona haya kusema.

Ila mjue nilikotoka. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja pale Posta. Nilipojifungua nikachukua siku zangu 84 za likizo kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyosema (mwenye mapacha anapata 100). Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliziomba kwa barua, kwa adabu zote. Bosi akaisoma mbele ya wenzangu, akasema ofisi yake si kliniki. Kuanzia siku hiyo nikawa nakamua maziwa stoo, nimekaa juu ya boksi la karatasi, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu haukuwa na kitasa. Mkataba ulipofika mwisho hawakuniongezea. Hakuna aliyeniambia sababu, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Mtoto wangu sasa anakimbia, lakini nikipita mtaa ule roho bado inaniuma.

Ya katikati nayaruka. Habari za barua ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), vipimo vya TBS (shirika la viwango) na kuhangaika na vifungashio nitaziandika siku nyingine, maana zinachosha hata kuzisoma. Nije kwenye wateja.

Nilianza kama mnavyoanza nyote: picha nzuri Instagram, chini yake "bei njoo DM". Nikawauzia marafiki na majirani. Kilichobadilisha maisha yangu ni usiku mmoja, mtoto ananyonya, mkono mmoja umeshika simu, nikaingia LinkedIn (mtandao wa watu wa maofisini) na kuandika kwenye kitafutio "afisa manunuzi" na jina la hoteli. Mtu akatokea, kwa jina lake na picha yake. Ndipo nilipoelewa kwamba hoteli haifuati kurasa za Instagram ikitafuta iliki. Kuna mtu mmoja ndani yake anayepewa orodha na mpishi mkuu, na huyo ndiye wa kuzungumza naye. Nikamwandikia hivi, neno kwa neno:

"Habari za kazi. Nafungasha viungo vya Muheza hapa Tegeta: iliki, mdalasini na pilipili manga. Vina nembo ya TBS na risiti ya EFD natoa. Bei ya jumla kwa kilo nimeiambatanisha. Naomba niwaletee sampuli Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Nimpe nani pale mapokezi?"

Basi. Sikumsimulia ndoto zangu, wala sikuandika "naomba uniunge mkono mama mjasiriamali". Mtu wa manunuzi anataka kujua una nini, kinatoka wapi, bei gani, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ipo, lini kitafika. Lile swali la mwisho ni la makusudi, kwa kuwa mtu huona wepesi kujibu jina la mtu kuliko kujibu "je, mnahitaji?"

Yule wa kwanza hakujibu, na wengine wengi hawakujibu. Alijibu dada mmoja wa hoteli ndogo, akanipigia saa nne asubuhi. Mtoto akaanza kulia katikati ya mazungumzo. Nikajaribu kuingia chumbani nifunge mlango, naye akanisikia. Akasema, "Mnyonyeshe kwanza mama, nipigie ukimaliza." Nililia, jamani. Kwa mtu nisiyemjua nilipewa kile nilichonyimwa na ofisi niliyoitumikia miaka.

Tangu siku ile simfichi mwanangu kwa mteja. Kwenye WhatsApp Business nimeweka saa zangu za kazi, na nje ya hapo ujumbe unajituma wenyewe: "Napokea simu saa tatu hadi saa saba mchana. Oda za maandishi nazijibu usiku baada ya saa tatu." Mteja akijua atajibiwa lini hasumbuki. Anayesumbuka ni yule unayemwambia "muda wowote" halafu simu inaita bila kupokelewa. Kina mama, acheni kusema "muda wowote"! Huo muda hamna. Mtoto ana saa zake za kula na kulala, zijue, kisha jenga biashara kuzizunguka. Na dada wa kazi anayekubebea mtoto wakati unafungasha oda, mlipe kabla hujajilipa mwenyewe.

Andikeni bei. Narudia, andikeni bei. "Njoo DM" inamfukuza mnunuzi wa jumla kabla hajakusalimia, maana ana wauzaji wengine wa kulinganisha mchana huohuo. Na mtu akikuahidi tenda kubwa halafu akataka kwanza umtumie "ada ya usajili" kwenye namba yake ya simu, huyo ni tapeli. Jina la kampuni litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara. Kama ni tenda ya serikali, inapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na si kwenye simu ya mtu. Hapo NeST msipapuuze: sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Jiungeni vikundi mjisajili, msiwaachie wengine fungu lenu.

Sasa wewe wa Mwanza. Siagi ya karanga inaliwa asubuhi, kwa hiyo tafuta wanaolisha watu asubuhi: shule za bweni, hoteli za pale mjini, migahawa. Wahasibu na mameneja wao wapo Facebook na LinkedIn kwa majina yao. Chagua wachache usiku mtoto akilala, waandikie mistari mitano kama ile yangu, bei ndani, siku ya sampuli ndani. Asiyejibu mkumbushe wiki inayofuata kwa sentensi moja. Ukipata jibu la kwanza, nitumie nilione kabla hujakubali bei, maana wa kwanza huwa wanaomba punguzo kubwa na najua utalegea.