Ningeweka zawadi, ila siyo ya anayeongoza darasa

Mmeuliza wiki hii, ukitaka kurudisha fadhila kwenye chuo kilichokusomesha utafanya nini. Mimi nasema zawadi ya mwanafunzi, na siongei hewani maana tuko watano tuliosoma pamoja, tumeshajaribu na mwanzoni tulichemsha vibaya.

Mwaka wa kwanza tulichanga fasta, kila mtu ana moto wake, tukampa anayeongoza darasa, siku ya mahafali picha zikapigwa, basi. Mwaka wa pili siku ya kuchanga grupu kimyaaa, huyu anajenga, yule kabadilisha kazi, tukabaki wawili tunajikamua. Halafu huyo binti aliyeshinda (hongera zake lakini) alikuwa ameshabeba zawadi zingine tatu siku ileile, sidhani hata kama yetu anaikumbuka.

Ofisi ya chuo ndo ikatufumbua macho. Zawadi ya kuchangachanga inakufa siku wachangaji wakichoka, kwa hiyo wekeni mtaji, unawekezwa, inatolewa ile faida tu na mtaji wenyewe hauguswi. Hesabu yake ni kwamba mfuko ukitoa asilimia 4 kwa mwaka basi ukitaka zawadi ya 100 lazima uwe na 2,500, yaani mara 25, inatisha kweli ila ukishafika umefika. Angalia chuo cha Cambridge kule Uingereza, profesa wao Robert Smith alikufa 1768 akaacha urithi wa zawadi ya hisabati na mwaka 1936 bado ilikuwa inatolewa, akaipata Alan Turing, huyu wa mambo ya kompyuta. Miaka 168 hiyo. Sisi mwaka wa pili tu ulitushinda.

Nani apewe sasa, hapo ndo tulibishana mpaka usiku. Mimi nilishikilia kwamba anayeongoza darasa tayari anaonekana na kila mtu, tumtafute aliyepanda zaidi toka mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, yule aliyeanza kwa kusapu (kufeli na kurudia mtihani) masomo mawili akanyanyuka mwenyewe bila kelele, maana huyo hakuna anayemwita jukwaani. Nikashinda. Tulitaka pia kuandika iwe ya kozi yetu tu, yule mama wa ofisini akauliza kozi ikifutwa je? Tukanyamaza. Ikaongezwa kipengele kwamba chuo kinaweza kuipeleka kwenye somo la karibu. Na mshindi tusichague sisi, wachague walimu, hili halikuwa na mjadala kwa sababu mmoja wetu ana mpwa anasoma palepale na tunamjua alivyo.

Mtaji haujatimia, tuko kama nusu, zawadi yenyewe itasubiri. Ila yule anayejenga kaezeka mwezi uliopita, nimeliona bati kwa macho yangu, kwa hiyo safari hii hana cha kujitetea.