Usiifute Nambari: Kuzipa Majina Sauti Zilizotolewa Kwenye Gemu

Ukishatoa sauti za gemu kwenye vifurushi vyake, mara nyingi unajikuta na folda iliyojaa faili zenye nambari tupu: 48213907.wem, na maelfu ya namna hiyo. Hamu ni kuanza kusikiliza papo hapo. Nakusihi, masikio yaje baadaye.

Kwanza jua faili ni ya aina gani, na usiamini herufi zinazofuata nukta. Ifungue kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, utazame herufi nne za mwanzo. OggS ni Ogg. FSB5 ni ya FMOD, programu ya kutengenezea sauti za gemu. VAGp ni ya PlayStation. BKHD ni benki, yaani faili inayobeba maelezo ya sauti, ya Wwise, programu nyingine ya aina hiyo. RIFF ni WAV, ila WEM, faili za sauti za Wwise, nazo huanza vivyo hivyo. Kisha zipitishe kwenye vgmstream, programu inayosoma sauti za gemu, ikupe muda, chaneli, na mara nyingine mahali sauti inaporudia. Faili ya stereo ya dakika mbili inayojirudia aghalabu ni muziki. Ya mono isiyofika sekunde moja huenda ni hatua au risasi. Kwa kupanga kwa urefu tu, lundo linagawanyika.

Kwenye Wwise ndiko kwenye utamu. Benki ya .bnk hueleza ni tukio gani, yaani amri ya gemu ya kutoa sauti, linalocheza WEM ipi, lakini jina la tukio kwa kawaida halimo. Kuna nambari iliyokokotolewa kutoka kwa jina hilo, kwa herufi ndogo, kwa hesabu ya FNV-1 ya biti 32. Huwezi kuirudisha nyuma, ila unaweza kubahatisha: kokotoa play_footstep, na nambari zikilingana umelipata. Programu ya wwiser hufanya kazi hii ukiipa orodha ya maneno. Ukijaribu mamilioni ya maneno, mengine yatalingana kwa bahati tu, kwa hivyo jina lisiloleta maana likatae. Tafuta pia SoundbanksInfo.xml, watengenezaji wengine huisahau humo ndani, na ikiwepo kazi kubwa imekwisha.

Sasa sikiliza. Mimi hufanya baada ya isha, tuktuk zikishapungua, spika masikioni na feni nimeizima hata kama joto la Mombasa halina huruma, maana mvumo wake humeza sauti za upepo na maji. Andika ulichosikia, si unachodhani: mlango_chuma_kufunga, wala si mlango_wa_gereza, mpaka uusikie ndani ya gemu yenyewe. Hapa vijana wa vibanda vya pleisteshen ni hazina. Wa kwetu Majengo ukiwachezea mlio watakutajia bunduki kabla haujaisha.

Nambari ya asili ibaki mwishoni mwa jina: muziki_mapigano_48213907. Bila hiyo huwezi kurudi kwenye benki kuhakiki, wala kulinganisha na mwenzako mwenye gemu hiyohiyo. Ukihesabu, andika 001, la sivyo programu nyingi zitaweka 10 mbele ya 2. Nukta pacha na alama ya kuuliza Windows huzikataa.

Kabla hujabadilisha hata jina moja, tengeneza jedwali la jina la zamani, jina jipya na SHA-1 ya kila faili, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwa yaliyomo. Nakala zinazofanana kabisa zitajitokeza zenyewe, uzipe jina mara moja tu, na zile zenye shaka zianze na labda_.